Koili, regyuleta au mfumo mzima? Kuchagua tiba ya pikipiki ya zamani isiyochaji

Pikipiki ya zamani ikianza kumaliza betri, ushauri wa kijiweni huwa ni ule ule: nunua betri nyingine. Betri mpya inatuliza mambo kwa siku kadhaa, halafu indiketa zinaanza tena kuwaka kwa uvivu, honi inakoroma, na mwenye chombo anarudi kupiga kiki hadi mguu uume. Betri haizalishi umeme, inautunza tu. Tatizo liko kwenye koili zinazouzalisha, kwenye regyuleta inayodhibiti volti zake, au kwenye nyaya zilizo katikati, na kila sehemu hapo ina tiba zaidi ya moja. Bei zake zinapishana sana, na iliyo ghali si lazima ndiyo inayofaa.

Hapa naongelea zaidi pikipiki za Japani za miaka ya 1970 na 1980 zenye sumaku ya kudumu na koili zinazotoa nyaya tatu, mara nyingi za njano: Suzuki GS, Kawasaki kubwa za wakati ule na wenzao. Za Uingereza, BMW na zile ndogo za volti 6 nitazigusa mbele, maana zina tabia zao.

Kwanza mita, pochi baadaye

Multimita ya bei ya chini kabisa inatosha. Ichaji betri nje ya pikipiki mpaka ijae, uiache ilale usiku mmoja, kisha pima. Betri nzima ya volti 12 itasoma kati ya 12.6 na 12.8. Ikiwa imeshuka chini ya 12.4 bila kutumika, imechoka, na vipimo vyote vinavyofuata vitakudanganya. Azima nzima kwanza.

Sasa washa injini, panda hadi mizunguko 4000 hivi kwa dakika, na usome kwenye terminali zenyewe za betri, si kwenye waya uliofika hapo. Ukiona 14.0 hadi 14.5, mfumo unachaji. Tafuta kinachovuja ufunguo ukiwa umezimwa. Ukiona 12 na kitu na inazidi kushuka, haichaji. Ikipita 15, inachaji kupita kiasi: maji ya betri yatakauka na balbu zitakatika moja baada ya nyingine.

Isipochaji, fuata zile nyaya tatu hadi kwenye soketi yao na uichomoe. Iangalie kabla hujapima chochote. Plastiki nyeupe iliyogeuka rangi ya kahawia upande mmoja, imelainika na kuumuka kuzunguka pini moja, tayari imekwambia nusu ya habari: pini hiyo ililegea, ikapata joto, joto likaongeza kutu, kutu ikaongeza joto. Pikipiki nyingi "zilizoungua koili" zimeungua hapo tu. Kata soketi, unganisha nyaya kwa risasi na mpira wa kubana kwa joto, pima upya. Gharama yake ni ya soda mbili.

Soketi ikiwa salama, weka mita kwenye omu. Kati ya kila jozi ya nyaya utasoma chini ya omu 1, na ncha za mita zenyewe zina upinzani wake, kwa hiyo zigusanishe kwanza na utoe kiasi hicho. Kati ya waya wowote na bodi ya injini mita isisome kitu. Ikisoma, koili imegusa chuma. Halafu washa injini soketi ikiwa bado imechomolewa, weka mita kwenye volti za umeme geu (AC, unaobadili mwelekeo kila mara), panda hadi mizunguko 5000, upime jozi zote tatu. Pikipiki nyingi za aina hii zitatoa volti 60 au zaidi. Namba yenyewe si muhimu kuliko ulingano: 65, 64, 66 ni koili nzima, 65, 31, 30 ni koili yenye upande uliokufa. Angalia vidole vyako, umeme huo unapiga.

Koili zikiwa nzima na betri haipati chaji, shaka inahamia kwenye regyuleta au nyaya. Hapa watu wengi hununua regyuleta bure. Weka ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye waya mwekundu unaotoka regyuleta, injini ikizunguka. Ikisoma zaidi ya volti 0.3, umeme unapotea njiani. Fanya hivyo hivyo kati ya hasi ya betri na bodi ya regyuleta. Rangi iliyopigwa upya kwenye fremu ni adui mkubwa wa ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia chuma cha fremu. Pikipiki ikitoka kwa mpiga rangi ikiwa inang'aa na haichaji, kwangua chini ya boliti za regyuleta kabla ya kuwaza kingine.

Kwenye Suzuki GS za mwanzo kuna jambo la ziada: waya mmoja kati ya ile mitatu ulipitishwa hadi kwenye swichi ya taa kwenye usukani na kurudi. Wazo lilikuwa kupunguza chaji taa ikizimwa. Baada ya miaka 40 swichi hiyo na soketi zake ni safari ndefu ya kutu. Uelekeze waya huo moja kwa moja kwenye regyuleta na usahau swichi.

Kuhusu kuchaji kupita kiasi, usiihukumu regyuleta haraka. Nyingi za zamani zina waya mwembamba wa kusoma volti, uliounganishwa mahali fulani baada ya swichi ya ufunguo. Swichi ikichakaa na kupoteza volti 1, regyuleta inaona 14 wakati betri inapokea 15. Unabadilisha regyuleta, na mpya nayo inafanya vile vile kwa sababu inadanganywa na swichi ile ile.

Shanti au sirizi

Tuseme umepima na regyuleta imekufa kweli. Hapa ndipo penye uchaguzi wa maana, na ndipo duka litakuuzia chochote kilicho kwenye rafu.

Sumaku ya kudumu haina breki. Injini ikizunguka, koili zinazalisha, utake usitake. Regyuleta lazima ishughulike na umeme usiohitajika, na kuna njia mbili. Ya shanti inaurudisha: volti zikifika 14 na ushei, inaunganisha nyaya za koili pamoja, umeme unazunguka kwenye koili zenyewe na kugeuka joto. Ya sirizi inaukata: inafungua njia, na koili zinabaki bila mzigo kwa muda huo. Chukua tangi la maji juu ya paa: mmoja anaacha bomba wazi na kumwaga kinachofurika, mwingine ana boya linalofunga bomba.

Tofauti hiyo ina matokeo ambayo wengi hawayatarajii. Nimewasikia waendeshaji makini wakisema huzima taa mchana ili "koili zipumzike". Kwenye mfumo wa shanti hazipumziki hata kidogo. Koili za sumaku ya kudumu, injini ikiwa na resi, husukuma karibu ampea zile zile ziende kwenye taa au zirudishwe. Ukizima taa, unaiongezea regyuleta kazi ya kumwaga, na koili zinabaki na joto lile lile. Aliyefunga balbu za LED kila mahali ili kuokoa umeme naye yuko hapo hapo: kwenye shanti, alichookoa hakizipoozi koili. Kwenye sirizi, LED inasaidia kweli, kwa sababu umeme usiotumika haupiti kwenye koili.

| | Shanti | Sirizi |
|---|---|---|
| Joto la koili | Kubwa wakati wote wa resi | Hufuata mzigo uliopo |
| Balbu za LED | Hazipunguzi joto | Zinapunguza |
| Koili yenye vanishi (rangi ya kuzuia umeme juu ya waya) iliyochoka | Huivumilia zaidi | Volti hupanda sana njia ikikatwa |
| Upatikanaji madukani | Rahisi | Mara nyingi ya kuagiza |
| Bei | Nafuu | Juu |

Mstari wa tatu ndio wanaouza sirizi hawautaji. Regyuleta ikikata njia kwenye resi kubwa, volti za koili zinaruka juu sana kwa kuwa hakuna mzigo. Koili iliyosukwa vizuri haijali. Koili ya miaka 40, yenye vanishi iliyopasuka na kuwa nyeusi kama mkaa, inaweza kutoboka hapo. Kwa hiyo sirizi juu ya koili chovu si tiba niliyo tayari kuipendekeza. Sirizi na koili mpya au iliyosukwa upya ni ndoa njema.

Kati ya shanti zenyewe kuna za kizazi cha zamani na za MOSFET, aina ya transista ya kisasa. FH020 ya kampuni ya Kijapani ya Shindengen ni ya MOSFET, inabeba ampea 50, na mwili wake hupata joto dogo kuliko wa zamani. Lakini usichanganye mambo: inayopoa ni regyuleta, koili zinapata mateso yale yale. SH775 ya kampuni hiyo hiyo ni sirizi ya ampea 35, na inazitosha pikipiki nyingi za enzi hizo kwa kuwa alternata zao (sumaku na koili kwa pamoja) hazifiki huko. Jihadhari na bandia zenye maandishi yale yale, hasa ukinunua mtandaoni kwa bei ya kushangaza. Regyuleta halisi haina bei ya balbu.

Msimamo wangu: pikipiki ya safari ndefu, inayokwenda Dar hadi Mbeya au Nairobi hadi Moyale, ipewe sirizi na koili nzuri. Ya kutembelea mjini Jumapili, shanti ya kawaida yenye ethi safi na soketi iliyoondolewa itakaa miaka. Popote utakapoifunga, iwe mahali penye upepo, si chini ya siti karibu na betri kwa sababu tu nafasi ilikuwepo.

Kusuka upya au kununua koili za boksi

Koili za boksi zinakuja tayari, unafungua kava, unabadilisha gasketi, umemaliza. Udhaifu wake ni kwamba hujui zilisukwa na waya gani. Nyingi za bei nafuu zimesukwa na waya wenye vanishi isiyohimili joto la ndani ya injini, na zitakufa kama zile ulizotoa.

Kusuka upya hapa kwetu si jambo la kuagiza mbali. Fundi anayesuka mota za pampu za maji anaweza kazi hii, mradi umpe maelekezo na umsimamie. Kabla hajakata chochote, piga picha, hesabu mizunguko ya waya kwenye jino moja la chuma kinachobeba koili, na uandike jinsi nyaya zilivyounganishwa na upande kila jino liliposukwa, kulia au kushoto. Upana wa waya upimwe baada ya kuchoma vanishi, si juu yake. Mwambie atafute waya wa daraja la nyuzi joto 180 au 200; akikwambia "huu huu wa mota unatosha", muulize umeandikwa nyuzi ngapi. Na kama koili zinaogelea ndani ya oili, vanishi ya mwisho iwe inayostahimili oili moto, la sivyo itabanduka.

Usikubali "tuongeze mizunguko ichaji zaidi". Mizunguko mingi ya waya mwembamba inaleta volti mapema kwenye resi ndogo lakini inapunguza ampea kwenye resi kubwa. Waya mnene wenye mizunguko michache hufanya kinyume. Waliotengeneza walipiga hesabu; rudishia walivyoweka. Mwisho, kazi ipimwe uzuiaji wake kwa megga (kipimo cha uzuiaji umeme kinachotumia volti kubwa) ya volti 500 kabla ya kulipwa. Mita ya kawaida haitaonyesha vanishi inayovuja kidogo.

Kati ya hizo mbili nachagua kusuka, ilimradi fundi anakubali kupimwa. Asiyekubali megga, nunua za boksi kwa jina linaloaminika.

Triumph na BSA

Wachache wanaotunza Triumph na BSA za miaka ya 1960 wana kazi nyingine. Alternata ya Lucas nayo ni ya sumaku ya kudumu, ila rektifaya (inayogeuza umeme geu kuwa wa mwelekeo mmoja) ni ya visahani vya selenia, na inayozuia volti ni diodi ya Zener iliyofungwa kwenye kipande cha alumini cha kutoa joto. Ukigusa rektifaya ile, usizungushe nati inayobana visahani. Shika boliti, fungua nati ya kufungia kwenye fremu pekee. Visahani vikisogea juu ya vingine, imekwisha.

Chaguo liko kati ya kubakia na vifaa hivyo, kufunga kifaa kimoja cha kisasa kinachofanya kazi zote mbili, au njia ya katikati ninayoipenda: daraja la diodi (vipitishi vya umeme vya upande mmoja) la ampea 35, kama KBPC3510, linalouzwa maduka ya vifaa vya redio kwa bei ya chakula cha mchana. Lina pini nne: mbili za umeme geu, moja chanya, moja hasi. Diodi ya Zener inabaki pale pale kama inasafishwa na kubanwa vizuri, bila kutumia nguvu, kwa sababu uzi wa boliti yake ni wa shaba laini. Kumbuka kwamba pikipiki hizi nyingi zina ethi ya chanya. Chanya ya daraja inakwenda kwenye fremu. Fundi aliyezoea magari ataunganisha kinyume bila kufikiri, na moshi utamfikia yeye kwanza.

BMW za silinda mbili za ubavuni

Ukiwa na R80 G/S au ndugu zake, hakuna sumaku ya kudumu. Rota, yaani sehemu inayozunguka, inapewa umeme kupitia brashi za kaboni, na regyuleta inaongoza umeme huo. Faida yake ni kwamba haimwagi chochote: ikihitaji kidogo, inazalisha kidogo. Hasara ni kwamba rota inakatika waya ndani na brashi zinaisha.

Kinachowapoteza wengi ni balbu ya taa ya chaji kwenye dashibodi. Umeme wa kwanza wa kuiamsha rota unapita kwenye balbu hiyo. Ikiungua, au mtu akiweka LED, alternata inalala. Fungua ufunguo kabla ya kuwasha injini: balbu isipowaka, anzia hapo. Na usifungue kava la mbele bila kuchomoa betri. Nyuma yake kuna bodi ya diodi yenye terminali hai, na kava la alumini likigusa, unanunua bodi mpya. Kwa hizi sioni sababu ya kubadili mfumo. Rota iliyosukwa upya, brashi mpya na regyuleta ya kielektroniki vinaurudisha mzima.

Volti 6: zibaki au zipande 12

Yamaha DT 175 na Honda CG125 za mwanzo zilikuja na volti 6. Kwenye nyingi za aina hii hakuna regyuleta ya maana: koili ya taa, diodi moja, na betri yenyewe ndiyo inayoshika volti. Ndiyo maana balbu ya nyuma ikikatika usiku, ya mbele huifuata muda si mrefu. Mzigo umepungua, volti zimepanda.

Kubaki na volti 6 ni rahisi ikiwa unatembea mchana. Weka balbu zenye wati zilizoandikwa kwenye kitabu chake, si zilizopo dukani. Kupanda hadi 12 kunawezekana mara nyingi bila kusuka koili, kwa kuwa volti zake bila mzigo zinapita 12 kwa mbali. Zitafika tu kwa resi kubwa kidogo. Utahitaji betri, balbu zote, honi, katauti ya indiketa (inayozifanya ziwake na kuzima), na regyuleta yenye rektifaya ndani. Koili ya plagi ibadilishwe pale tu inapolishwa na betri. Yenye CDI (mfumo wa kielektroniki wa kuwasha plagi) na koili yake pekee iachwe.

Kazi yenyewe ni moja: ncha ya koili iliyounganishwa kwenye bodi ya injini inyanyuliwe, iwe waya huru, ili regyuleta itumie pande zote mbili za wimbi. Wengi huruka hatua hiyo, wanapata nusu ya chaji, wanalaumu regyuleta. Anayeendesha usiku kwenye barabara isiyo na taa, apande 12 na aweke taa ya mbele ya LED. Mwingine asijisumbue.

Betri ya mwisho

Ya maji ndiyo inayosamehe zaidi kwenye mfumo usiotulia, na unaweza kuiongezea maji. Ya AGM (iliyofungwa, asidi yake imenywewa na mkeka wa nyuzi za kioo) haimwagiki lakini ikichajiwa volti 15 kwa muda inakauka na haifunguki. Ya lithiamu ni nyepesi na inapiga stata kwa nguvu, ila haivumilii kupandishiwa volti, na regyuleta ya zamani inayoyumba itaiua kabla ya msimu kwisha. Usiifunge kabla hujasoma 14.0 hadi 14.5 kwenye terminali, injini ikiwa moto na ikiwa baridi, taa zikiwa zimewashwa na zikiwa zimezimwa.